Ubunifu wa Kuuza, au Ubunifu wa Kudanganya?

Siku hizi hapa pwani nyumba nyingi zimekuwa maduka. Mama achanganya udi jikoni, binti amekaa barazani na simu yake. Picha yawekwa Instagram au WhatsApp, mnunuzi wa Lamu aiona, fedha zaingia kwa M-Pesa, na mzigo wapanda basi jioni ile ile. Sisi hatuna neno la kulipinga hilo. Biashara ni halali, na chombo hakibadilishi hukumu: lililo halali sokoni ni halali katika simu, na lililo haramu huko ni haramu huku.

Tunalolikemea ni jengine. Wamezuka walimu wauzao somo la "fikra mpya za kuvutia wateja mtandaoni". Mjukuu wangu, ambaye huuza mabuibui, alinisomea somo mojawapo. Nilisikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia: "Mwanangu, hapa hapana jipya. Haya yote yamo katika vitabu vya fiqhi, mlango wa biashara, na kila moja lina hukumu yake." Leo tutayataja matatu.

La kwanza: nunua wafuasi wa bandia, waambie jamaa zako waandike chini ya picha kuwa wamenunua na wamependezwa, kisha tangaza "yamebaki mawili tu" na hali chumbani yamejaa tele. Hii ndiyo najashi aliyoikataza Mtume (s.a.w.), yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichokitaka ili mwengine adhani kinagombewa. Mwenye kufanya najashi zamani alisimama mnadani, uso wake ukaonekana. Wa leo amejificha nyuma ya jina la uongo. Tofauti ni hiyo tu. Na la kutahayarisha ni kuwa Marekani, isiyofuata sharia yetu, ilitoa kanuni mwaka 2024 ya kupiga marufuku maoni ya uongo ya wateja na biashara ya wafuasi wa bandia. Je, jambo tulilosomeshwa chuoni tungali wadogo, tungoje kukumbushwa na wao?

La pili: ipambe picha kwa programu ya simu mpaka kitambaa chepesi kionekane kizito, na rangi iliyofifia ing'are. Zamani kulikuwa na wafugaji wakimwacha ngamia au mbuzi siku kadhaa bila kumkama ili kiwele kijae, mnunuzi adhani hutoa maziwa hayo kila siku. Mtume (s.a.w.) alilikataza hilo, na aliyenunua akampa hiari: amshike mnyama wake, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Basi picha ya namna hiyo ni kiwele kilichofungwa! Jirani yetu mmoja aliagiza buibui la Idi kwa picha. Lililomfikia likaonyesha mwili. Alipotaka kulirudisha, muuzaji akamfungia njia ya kumwandikia. Sharia yampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, na huyu akanyimwa hata haki ya kuuliza.

La tatu: chukua picha za duka la Dubai, uza kana kwamba mali ni yako, ukishalipwa ndipo uende kuitafuta. Swahaba Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mtu ajaye kutaka kitu asichokuwa nacho, naye akamuuzia kisha akaenda kukinunua sokoni. Alikatazwa kuuza asicho nacho. Lakini tazama, Ndugu Msomaji, sharia haikufunga mlango. Waweza kuuza kwa salam: taja sifa, kipimo na muda wa kuleta, na bei ilipwe yote papo hapo. Au uwe wakala, useme waziwazi: "Nitakuagizia, na ujira wangu ni kadha." Ikiwa mlango u wazi, kwa nini mtu aruke ukuta?

Najua atatokea wa kusema: "Sheikh, ukisema kweli hutauza, soko la leo lataka ujanja." Hoja hii ndiyo mama wa udanganyifu wote. Mfanyabiashara wa Madina ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu yake ya chakula akakuta umajimaji, alijitetea kuwa kilinyeshewa na mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutokukiweka juu kilicholowa, watu wakakiona.

Basi mwataka fikra? Wekeni juu kilicholowa! Pigeni picha ya buibui mchana, mlangoni, bila kulipamba. Linyosheni mbele ya mwanga, uzito wake uonekane. Pimeni udi katika mizani mbele ya kamera. Andikeni bei na nauli. Kama uzi umefumuka, onyesheni pale ulipofumuka na mpunguze bei. Maneno ya mteja yatangazeni kwa idhini yake, nayo yawe maneno yake kweli. Ahidini kupokea kilichorudishwa, na mtimize. Huu ndio ubunifu, nao wahitaji akili zaidi kuliko uongo, kwani uongo kila mvivu auweza.

Nawe baba, nawe mama, msiseme haya ni mambo ya vijana. Unga wa nyumba hununuliwa kwa fedha za simu ile, na watoto hula. Leo baada ya Isha mwambie mwanao akusomee tangazo lake la mwisho, kisha akuletee kitu chenyewe ukishike mkononi. Vikitofautiana, tangazo lifutwe usiku huo huo, kabla mtu hajalipa.

Wabillahi tawfiq.