WANALINDA MASIKIO YAO, MFUKO WAKO NANI AULINDE?

Ndugu yangu wa kijiwe cha bodaboda hapo Bariadi, hebu toa simu mfukoni. Hesabu ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Si haba, eti?

Wizi huu una ukoo. Mwaka 1988 mwanafunzi wa Marekani, Robert Morris, aliachia programu iliyojinakili yenyewe na kukwamisha maelfu ya kompyuta. Mei 2000 kirusi cha "I Love You" kikatoka Ufilipino na kuenea duniani. Mtengenezaji wake hakufungwa kwa sababu kwao hapakuwa na sheria ya kosa hilo. Sisi Usukumani tukasema hayo ni ya wenye kompyuta. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, benki ikahamia kwenye kitochi cha mkulima wa pamba. Mwizi naye akahama. Hana haja ya kirusi. Anataka sauti nzuri na namba yako ya siri tu.

Sisi sheria tunayo, tena kali. Ya Makosa ya Mtandao, 2015. Imemuuma nani? Juni 2016 kijana mmoja alihukumiwa Arusha miaka 3 jela au faini ya shilingi milioni 7, kwa maneno ya Facebook juu ya Rais Magufuli. Desemba mwaka huo Maxence Melo wa JamiiForums akatiwa ndani. Polisi walitaka kujua wanaoandika humo ni akina nani. Najua, matapeli nao hukamatwa, na laini zao tunaonyeshwa zimepangwa mezani. Lakini mbona ujumbe hauishi?

Tukapangwa foleni za alama za vidole. Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Tukaambiwa sasa mwizi atajulikana. Thubutu! Wakala mjanja anakwambia, "Kidole hakijasoma, rudia." Ukirudia, umemsajilia mtu laini kwa jina lako. Na tusifichane, wapo vijana wenzetu wanaouza kidole kwa hela ya soda.

Mei 2025 wadukuzi wakaingia kwenye akaunti ya Jeshi la Polisi huko X, wakatangaza uongo kwamba Rais amefariki. Wenye bunduki na sheria wameibiwa funguo! Mara X ikawa haifunguki nchini. Huo ndio ulinzi, bwana: kuwafungia milango walioibiwa.

Wakati vigogo wanasaka wenye midomo, mzee wako kule Itilima anapokea hela ya pamba kwa simu, na anayempigia kujifanya "huduma kwa wateja" anajua msimu unaanza lini. Usingoje wakubwa. Mwambie namba ya siri haitajwi hata kwa mwanawe. Ujumbe wa kitapeli utume 15040. Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mimi nilipopiga nilikuta namba mbili. Moja siijui.