Nilimposa paka, mwenye nyumba akavunja ndoa

Wiki hii ninajishitaki mwenyewe, kwa hiyo cheka taratibu.

Yote yalianza Dar, kwenye kituo kimoja kinachookoa paka na mbwa wa mitaani. Nilikwenda kumsindikiza rafiki, nikatoka nimependa. Paka jike, rangi ya majivu, sikio la kushoto halina ncha. Nikauliza, alipigana na nani huyu? Wakacheka. Kumbe ni alama kwamba ameshafungwa kizazi, asije akakamatwa na kupasuliwa mara ya pili.

Nilidhani nitamtia kwapani niondoke zangu. Thubutu! Nilihojiwa kama mtu anayeposa. Unakaa wapi? Ukisafiri nani atamlisha? Chanjo ya kichaa cha mbwa utalipia? Na swali la mwisho: mwenye nyumba anajua?

Nikajibu, anajua. Uongo mtupu.

Wiki ya tatu mwenye nyumba akamwona dirishani. Hakupiga hata kelele. "Kijana, chagua. Paka au chumba."

Usiku ule, nakiri, lilinijia wazo baya: nimbebe kwenye mfuko hadi soko la samaki Feri, nimwache huko ale vichwa vya samaki, yaishe. Lakini yeye alikuwa amelala miguuni pangu, hana habari. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, ila kusema kweli si sheria iliyonizuia. Ni aibu. Asubuhi nikawapigia wale wa kituo, nikatubu. Wakasema mrudishe, au mtafutie nyumba ya uhakika na sisi tuijue.

Nikamkumbuka Bibi, kwetu Chome, Upare. Yuko peke yake tangu Babu afariki, na mahindi yake darini wanakula panya.

"Sitaki paka tena," akasema kwenye simu.

Najua kwa nini. Paka wake wa mwisho alikula panya aliyekula sumu. Akafia jikoni, mbele yake.

Nikabembeleza weee. Mwisho akasema, "Mlete. Akifa, utamzika mwenyewe."

Basi bwana, boksi lenye matundu, basi la alfajiri hadi Same, halafu gari la kupandisha mlima. Ule upande wa Shengena, kilele cha zaidi ya mita 2,400, baridi yake si ya mchezo. Mtoto wa Dar alijikunja kama sambusa.

Kabla hatujafungua boksi, Bibi alipanda darini akakusanya sumu yote. Akajifunga khanga, akaenda kwa jirani, maana panya hana mpaka: sumu ya jirani ni sumu yako. Jirani akakubali kuacha, ila apewe kitoto. Bibi akamweleza paka hazai.

"Mmemnyima haki yake!"

"Na mimi nimeacha kuzaa," Bibi akamjibu, "mbona kila siku unakuja kunywa chai?"

Mimi nikaongeza kwamba msitu wa Chome una ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni, ambaye makazi yake ni milima ya Upare Kusini tu. Vitoto vya paka vikizagaa huko, kitoweo cha kwanza ni yeye. Jirani akaomba chai.

Siku tatu paka alikaa chini ya kitanda. Ya nne nilisharudi Dar, simu ikaita. Bibi hakuuliza hata kama nilifika salama.

"Huyu mgeni wako amelalia khanga yangu mpya. Dagaa anakula?"

Anakula, Bibi.

Basi nawe unayetaka paka, anza na mwenye nyumba. Na ukiulizwa swali, sema kweli, maana si kila mtu ana Bibi Chome. Tukutane wiki ijayo!