Subira na Mkate wa Jirani



Wahenga walinena kwamba subira huvuta heri. Inatupasa kuuliza: heri ya nani?

Filamu ya James Bond iitwayo No Time to Die ilipangwa kutoka Aprili 2020. Ugonjwa wa Korona ulipoenea, wenye filamu waliisogeza hadi Novemba, kisha hadi Aprili 2021. Mwishowe ilionyeshwa Septemba 2021, ikavuna dola zaidi ya milioni 700. Subira yao ilizaa.

Lakini Oktoba 2020, siku chache baada ya tarehe kusogezwa tena, kampuni ya Cineworld ilifunga majumba yake ya sinema Uingereza na Marekani, kwa kukosa filamu kubwa za kuwavuta watazamaji. Wafanyakazi wapatao 45,000 waliguswa: wauza tiketi, wafagizi, wangoja milango. Filamu huweza kungoja kabatini. Tumbo la mtoto halingoji.

Sisemi kwamba kuahirisha kulikuwa kosa. Kuwakusanya watu chumbani wakati wa maradhi ni kuhatarisha uhai, na uhai ni wa Mungu. Kosa ni hesabu inayoishia kwa mwenye mali. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba kazi ya mtu hutangulia mtaji.

Nasi tuahirishapo sikukuu ya parokia, tumkumbuke mama aliyekwisha kununua unga wa maandazi. Tumwendee yeye kwanza, ndipo tubandike tangazo mlangoni mwa kanisa.