MUUNGANO NI WETU, BASI TUULIZWE

Wapo watu wakisikia Muungano unajadiliwa hupiga kelele kwamba tunataka kuvunja nchi. Kelele hizo zimetuchosha. Sisi wa Mkokotoni hatujavunja hata ngalawa ya mtu. Tunalosema ni hili: nchi mbili ziliunganishwa tarehe 26 Aprili 1964 kwa jina la wananchi, na wananchi wenyewe hawajaulizwa kwa kura mpaka leo.

Tunajibiwa: mkiulizwa mtauana. Hoja hii tuitazame vizuri, maana damu kweli imemwagika. Juni 1961 waliuawa watu 68. Zama zile za siasa watu waliacha kuzikana, maduka ya wenzao wakayasusa, na Watumbatu, jirani zetu wa ng'ambo ya maji haya, wakavutwa huku na huku kama kamba. Lakini fitina ililetwa na nini? Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata kura kiasi cha 54 kwa mia, ikaambulia viti 13 katika 31. Ilishinda kwa vichwa, ikashindwa kwa mipaka ya majimbo. Miezi kama sita baadaye yakaja Mapinduzi. Baadaye dhulma ikageuza uso, ikaelekea Pemba khasa: Januari 2001 risasi ziliua watu zaidi ya 30, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Mwaka 2015 kura zilikwisha kupigwa, uchaguzi ukafutwa!

Kuulizwa hakujatudhuru. Kilichotudhuru ni kuulizwa, kisha jibu likatupwa. Tarehe 31 Julai 2010 tuliulizwa juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, 66 kwa mia wakasema ndiyo, na hapana nyumba iliyochomwa.

Tazameni Ireland ya Kaskazini. Mjini Derry Wakatoliki walikuwa wengi, lakini wadi zilikatwa hivi kwamba baraza la mji likabaki kwa Waprotestanti, na nyumba za baraza zikagaiwa kwa upendeleo. Miaka thelathini ya vita ikaua watu zaidi ya 3,500. Mapatano ya Aprili 1998 yakaandika kuwa kuungana na Ireland ya Kusini kutaamuliwa kwa kura ya watu, si kwa bunduki wala kwa amri ya London. Na mapatano yenyewe yalipigiwa kura Kaskazini na Kusini siku moja, tarehe 22 Mei. Waingereza hao hao waliotukatia majimbo!

Na humu mwetu wamo wanaotaka Mpemba asiulizwe, au wanaopima Uzanzibari wa mtu kwa jina la babu yake. Hao wanawafanyia kazi wapinzani wetu bila ya mshahara.

Basi majimbo yakatwe mbele ya vyama vyote. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi asinyimwe mtu kwa chama chake. Kisha iletwe kura ya Muungano, Unguja na Pemba, na ndugu zetu wa Bara nao wapige yao siku hiyo hiyo.