Heri Angefeli

Wahenga walisema ahadi ni deni. Leo nataka kudai ahadi moja iliyotolewa California mwaka 1960, kwani mpwa wangu ni mmoja wa wanaodai.

Mwaka ule, chini ya Gavana Pat Brown, jimbo hilo la Marekani lilipitisha mpango mkuu wa elimu ya juu. Clark Kerr, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California, alikuwa miongoni mwa walioujenga. Chuo kikuu kingepokea wahitimu wa sekondari walio katika sehemu moja ya nane ya juu; vyuo vya jimbo, theluthi ya juu; na vyuo vya jamii vingempokea kila mwenye nia ya kusoma. Aliyeanzia chini naye aliwekewa ngazi: asome miaka miwili, atimize masharti, kisha ahamie chuo kikuu mwaka wa tatu. Mpango huo siupingi. Ninachopinga ni jinsi neno "masharti" lilivyogeuzwa maana.

Sisi tunalijua neno hilo. Kijana akienda kuposa, wakwe humtajia mahari. Akileta yote waliyotaja, hawawezi kumwambia, "Tumeyapokea, ahsante, lakini wamekuja mia wengine na tumempenda aliyeleta zaidi." Wakisema hivyo, wazee wa pande zote mbili wataitwa, na hapatakuwa na amani mtaani.

Mpwa wangu alitaka kusomea biashara. Alijiunga na chuo cha jamii, akapewa orodha: kalkulasi, takwimu, uchumi mdogo na uchumi mkubwa, uandishi wa Kiingereza, na mengineyo hadi kufikisha yuniti 60 za muhula. Wastani wa chini wa alama kwa mkazi wa jimbo anayetaka kuhamia chuo kikuu ni 2.4 katika kipimo cha 4. Aliibandika orodha ile ukutani, akawa anakata mstari kila amalizapo somo. Usiku alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Akitoka zamu saa moja asubuhi, saa mbili alikuwa darasani akisoma kalkulasi, macho mekundu kama ya mvuvi aliyekesha baharini.

Somo hilo alipata C. Mengine yote yalikuwa A na B.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mpaka leo halijaniingia akilini. Katika vyuo vya jamii vya California, mwenye D au F anaruhusiwa kurudia somo. Mwenye C haruhusiwi, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kwani huyo amehesabiwa kuwa amefaulu. Ni kanuni ya haki ukiitazama peke yake: kwa nini mtu aliyefaulu akalie kiti cha mwingine? Lakini iweke kando ya shule ya biashara yenye waombaji wengi, ambayo wanaopenya huwa na wastani unaokaribia 4, uone inavyogeuka mtego. Chuo cha chini kinamwambia kijana amefaulu, hivyo asirudie. Shule ya juu inamwambia hajafaulu vya kutosha, hivyo asiingie. Kila mmoja ana kanuni yake safi, na kijana amebanwa katikati.

Barua ya kumkataa ilikuja kwa maneno matamu. Alinipa niisome, kisha akasema, "Mjomba, ningepata D ningeruhusiwa kurudia. Heri ningefeli."

Nchi gani inamfundisha kijana kusema hivyo?

Najua nitakavyojibiwa. Nafasi ni chache, na lazima wengine wakose. Ni kweli, wala sidai kila mwombaji aingizwe. Nitaambiwa pia kwamba maelezo yalisema wazi kuwa kutimiza masharti si hakikisho la kupokelewa. Hilo nalo ni kweli, na limeandikwa. Lakini mtu anayekwambia lete kumi, huku akijua kwamba hatamchukua mwenye kumi, amekupotezea miaka yako hata kama aliandika tahadhari pembeni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeandika orodha ile hakukesha akiwageuza wazee kitandani.

Wala si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Kati ya kampasi 9 za Chuo Kikuu cha California zinazotoa shahada ya kwanza, 6 zina utaratibu wa kumhakikishia nafasi mwanafunzi wa chuo cha jamii akitimiza kiwango kilichotajwa, ingawa baadhi ya fani huachwa nje. Maana yake ni kwamba neno linaweza kutunzwa mahali linapotakiwa kutunzwa.

Basi nadai mambo matatu. Kwanza, ukurasa unaotaja kiwango cha chini utaje hapo hapo, kwa herufi zile zile, wastani wa waliopokelewa mwaka uliopita na idadi ya waliokataliwa. Pili, mwenye C katika somo la lazima la kuhamia aruhusiwe kulirudia mara moja. Tatu, wanaochagua wazione saa za kazi za mwombaji kuwa sehemu ya rekodi yake. C ya aliyetoka zamu ya usiku si sawa na C ya aliyetoka kitandani.

Mpwa wangu alikwenda kusoma uchumi katika chuo cha jimbo, na anaendelea vizuri. Sitaki mtu amhurumie. Ila deni halifutiki kwa sababu mdai amejikimu mwenyewe. Kama nafasi ni mashindano, ziitwe mashindano, ili kijana ajue tangu siku ya kwanza anaingia uwanja gani. Mdeni mwaminifu husema mapema kile anachoweza kulipa.