Lisemwalo Lipo, Mbona Halifiki?

Kikao cha harusi kiliitishwa saa kumi jioni, kikaanza saa kumi na mbili kasorobo, na ajenda ya kwanza haikuwa michango wala ukumbi. Mjumbe mmoja, mstaafu wa serikali, mtu mzima anayeheshimika mtaani kwetu, alituarifu kwamba kigogo fulani yuko mahututi nje ya nchi na "wenyewe wanaficha". Jina la kigogo silitaji, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 naijua kuliko ninavyomjua yeye. Nikauliza kwa adabu: "Mzee wangu, umejuaje?" Ungedhani nimemtukania mama yake. Akavua miwani, akanitazama kwa huruma, akasema: "Kijana, tatizo lenu waandishi ni akili zilizofungwa. Mtu mwenye upeo hapuuzi kitu. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja." Wajumbe wakacheka, mwenyekiti akasema tusonge mbele, tukahamia kwenye idadi ya kreti za soda.

Soda zilinunuliwa, harusi ikapita, maharusi wakaenda fungate na kurudi. Mimi bado nimekasirika.

Nimekasirika kwa sababu methali ile imegeuzwa kibali cha kusema lolote, na siku hizi imevishwa suti na kuitwa upeo. Ukiuliza nani kaona, huna upeo. Ukitaka karatasi, umetumwa. Ukisema "mimi hili silijui bado", basi wewe ni mtu wa serikali, au wa wapinzani, kutegemea mwenzako kaamkaje.

Hebu itazameni hiyo methali inavyofanya kazi. Likitokea, msemaji kashinda: si nilisema? Lisipotokea, msemaji hajashindwa, maana laja. Lini? Laja tu. Daftari lake lina ukurasa wa mapato peke yake. Wa madeni alishauchana zamani. Hakuna siku, hakuna tukio, hakuna ushahidi chini ya mbingu utakaomlazimisha kusema nilikosea. Na mtu huyu, ambaye amejipangia mambo ili asiwahi kukosea mpaka Kiyama, ndiye anayeniambia mimi nimefunga akili!

Akili iliyo wazi ina dalili moja tu, nami nitairudia mpaka mnichoke. Mwenye nayo anaweza kukwambia mapema: nikiona hiki na hiki, naacha kuamini. Mwulize mjumbe wa kikao chetu kitu gani kitamfanya aache kuamini habari ya kigogo wake. Kigogo akionekana kwenye runinga akihutubia? Atasema ni mkanda wa zamani. Akipita mtaani kwetu akipunga mkono? Atasema kafanana naye. Huo mlango aliouacha wazi ni wa kuingilia tu. Wa kutokea ameukomea kwa ndani.

Ukiwabana hapo wanatoa turufu yao: Machi 2021. Siku ya tarehe 12, Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu, akiwa Njombe, aliwaambia wananchi kwamba Rais ni mzima na anachapa kazi. Usiku wa tarehe 17, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akatangaza kwamba Rais John Magufuli amefariki katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam. Tangu usiku ule uvumi umevikwa taji. "Unaona sasa?" Naona. Naona na lile ambalo kila mtu amelisahau: uvumi ule ulimlaza Rais Nairobi, kisha ukampeleka India, huku ukimtibu maradhi tofauti kwa kila aliyesimulia. Taarifa rasmi ikasema Mzena. Waliosema Nairobi wakajihesabia ushindi. Waliosema India nao wakajihesabia ushindi. Na vigogo wangapi wengine tumekwisha kuwazika kwa simu, kisha kesho yake wakaonekana wakikata utepe na kula keki? Hao hawamo kwenye hesabu. Hesabu ina jina moja tu.

Sisemi serikali ilikuwa na haki ya kutuambia vile. Mwenye mamlaka akisema mambo ni shwari na siku tano baadaye bendera zinapepea nusu mlingoti, amewapa wavumishi mtaji wa miaka ishirini. Ofisi zetu zina ugonjwa wa kuficha hata bei ya pazia la mkutano, kisha zinashangaa wananchi wanasikilizia habari saluni. Hilo nitaliandikia siku nyingine, maana lina hasira zake. Lakini kudanganywa na mkubwa si cheti cha kumwamini kila mdogo anayenong'ona.

Kuna wanaonijibu, kwa uzito wote, kwamba methali ni hekima ya wazee na wazee hawakukosea. Wazee gani? Hao hao walisema ng'ombe wa maskini hazai. Nenda Singida asubuhi ukaone nani anakamua. Hao hao walisema njia ya mwongo ni fupi, nami namfahamu mwongo mmoja aliyefika mpaka Dodoma, akapewa gari na dereva. Na hao hao walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini hiyo sijamsikia mtu akiitaja kwenye kikao.

Mambo haya yangekuwa ya kuchekesha tu kama yangeishia kwenye magazeti ya michezo, ambako kila dirisha la usajili straika kutoka Afrika Magharibi hutua usiku wa manane kwa ajili ya Simba, mchana akawa wa Yanga, na jioni akaonekana kwao akicheza na watoto wake. Mashabiki tumezoea. Hakuna anayekufa kwa tetesi za usajili.

Iringa Mvumi watu walikufa. Ilikuwa Oktoba 2016, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Watumishi watatu wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Selian, kutoka Arusha, walifika kuchukua sampuli za udongo. Gari, vifaa, sura ngeni. Pakasemwa: wanyonya damu hao. Lililosemwa likapokewa, likakua, likafika kwa mwenye panga. Wakauawa wote watatu, wakachomwa moto, na gari lao likachomwa. Walikuja kuchukua udongo! Angetokea mtu mmoja akauliza "nani kaona damu?", akasubiri jibu, wangekuwa wamerudi Arusha.

Na msiniambie ni ujinga wa kijijini. Hadithi ya mumiani, yaani hao wanyonya damu, ilitembea mijini tangu enzi za mkoloni. Nairobi walioshukiwa kukamata watu na kuwatoa damu walikuwa wazima moto, na waliosimulia walikuwa watu wa mjini. Sasa nipimieni watu wa Iringa Mvumi kwa kipimo cha mjumbe wetu. Hawakupuuza kitu. Hawakudai karatasi. Walipokea kila lililosemwa kwa mikono miwili. Kwa kipimo hicho, siku ile kijiji kizima kilikuwa na upeo mpana kuliko chuo kikuu.

Shukeni pwani kusini, vukeni Ruvuma. Aprili 2024, mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, watu walijazana kwenye mashua ya uvuvi, watoto wengi wakiwemo, wakikimbilia Kisiwa cha Msumbiji. Mamlaka za huko zilisema walikuwa wanakimbia habari za uongo kuhusu kipindupindu. Mashua ilizama, na waliokufa walipita 90. Nani alianzisha habari ile? Hajulikani, na hatajulikana. Uvumi hauna mwenyewe wa kumdai, ndiyo maana unapendwa hivi.

Hata sisi tunaojiita wasomi tuna Samunge yetu. Mwaka 2011, kijijini Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, na ikasemwa kinatibu kisukari, saratani na Ukimwi. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilomita. Mawaziri walikunywa. Wagonjwa walitolewa wodini, wengine wakakata roho barabarani kabla ya kufikiwa zamu, na wapo waliotupa vidonge vyao kwa sababu wamekwisha pona. Waliothubutu kuuliza kipimo cha maabara kinasemaje waliambiwa hawana imani. Leo ukikutana na waliokunywa, uwaulize kikombe kiliishia wapi, wanabadili mazungumzo. Ukurasa wa madeni, nilishasema, umechanwa.

Redio zetu nazo! Asubuhi mtangazaji anamwita daktari na mganga, anawagawia dakika kumi kumi, kisha anafunga kipindi: "Msikilizaji, pande zote umezisikia, kazi kwako." Kazi kwangu? Mimi niko kwenye daladala nimeshika bomba kwa mkono mmoja, naitoa wapi maabara? Kazi ilikuwa yako wewe mwenye kipaza sauti. Kusikiliza pande zote ni mwanzo wa kazi, lakini wengi wetu tunafunga ofisi hapo hapo na kwenda chai.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni kwamba uvumi haumwumizi mkubwa. Unamlinda. Kumbukeni mwaka 2023, nchi nzima ilipokuwa mwanasheria wa bandari. Bunge liliridhia makubaliano ya bandari kati ya serikali yetu na Dubai tarehe 10 Juni, na nakala ikazagaa kwenye simu zetu, bure, si waraka mrefu wa kumtisha mtu anayesoma magazeti. Nani alifungua? Mtaani kwetu lilisemwa moja: bandari imeuzwa miaka mia. Mimi niliitafuta hiyo miaka mia ndani ya nakala, sikuiona. Nilichokiona kilinitisha zaidi. Ibara inayohusu muda haikutaja idadi ya miaka kabisa. Iliacha makubaliano yaendelee mpaka shughuli zote za miradi zikome. Yaani ukomo upo pale utakapoonekana. Hapo ndipo pa kumkabia waziri!

Mtaa haukumkaba hapo. Mtaa ulipiga kelele za miaka mia, na serikali, kwa raha zake, ikajibu kwamba miaka mia haimo. Na kweli haimo. Swali la uongo humpa mkubwa jibu la kweli, akaondoka uwanjani kifua mbele, na lile swali gumu likabaki limekaa benchi. Waliompa jasho ni wale waliokuja na namba za ibara: mawakili waliokwenda Mahakama Kuu Mbeya, ambao walishindwa lakini walibishana kwa maandishi, na maaskofu Katoliki waliotoa waraka wao Agosti. Mikataba ya utekelezaji iliposainiwa Dodoma tarehe 22 Oktoba, ikatajwa miaka 30. Wanaotaka kujigamba wajigambe kwa kuonyesha ibara waliyoisoma. Wa miaka mia hawakusoma, hawajaomba radhi, na ukiwagusa leo watakwambia subiri, laja.

Majirani zetu Kenya walituonyesha jinsi jambo hili linavyopaswa kwenda, tukatazama kama sinema. Mwaka 2017 Raila Odinga alidai kura za urais zimevurugwa. Wengi walisema ni kilio cha kawaida cha aliyeshindwa. Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikataka fomu za matokeo, ikataka mitambo ya tume ya uchaguzi ifunguliwe, tume ikasuasua kufungua, na tarehe 1 Septemba uchaguzi ukafutwa. Mwaka 2022 alirudi mlalamikaji yuleyule kwenye mahakama ileile, sasa chini ya Martha Koome, na madai mapya: kwamba fomu 34A, zile za matokeo ya vituo, zilizoko kwenye tovuti ya tume zimechezewa, na kwamba kuna Mvenezuela nyuma ya pazia. Mahakama ikaagiza zilinganishwe na fomu halisi. Zikalingana. Kumbukumbu nyingine za kompyuta zilizoletwa kama ushahidi zikaonekana kughushiwa. Tarehe 5 Septemba kesi ikatupwa, majaji wote kwa kauli moja.

Nina marafiki Nairobi na Mombasa wanaoapa kwa hukumu ya 2017 na kuitemea mate ya 2022. Nina wengine wanaofanya kinyume chake, kwa viapo vilevile. Wanaozikubali zote mbili kwa sababu fomu zilifunguliwa zikasomwa, nikikaa kuwahesabu hawajai daladala, na sijamsikia mtu yeyote akiwaita watu wenye upeo. Wanaitwa vigeugeu.