Kuogelea Si Mchezo wa Watoto Peke Yao

Mtu azaliwaye Karema, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, aghalabu hujua kuogelea kabla hajajua kusoma, kwa kuwa ziwa li karibu na mlango na walimu wake ni watoto wenziwe. Lakini mtu huyohuyo, akishabaleghe na kupata nyumba, jembe na nyavu, huyahama maji yale kana kwamba yameharimishwa kwake, asiyaingie tena ila kwa kuoga, kufua au kusukuma mtumbwi. Hasara hii ni kubwa kuliko tunavyoihesabu, na dawa yake haihitaji mali nyingi: yahitaji wenzi walioagana saa na mahali, na wakatimiza miadi.

Vizuizi vipo, wala si insafu kuvidharau. Mamba hupenda midomo ya mito na matete, na huwinda zaidi tangu magharibi hadi alfajiri. Vijidudu vya kichocho, vitokavyo kwa konokono wa maji yaliyotuama, huzidi jua linapopanda kuelekea adhuhuri. Basi amkimbiaye mamba huweza kuangukia kichocho, na akikimbiaye kichocho huweza kumkabili mamba. Njia ya wastani ni kuingia asubuhi jua likishachomoza na kuyaangaza maji, mahali peupe penye mchanga na mawimbi, mbali na majani, hali mmoja amebaki nchi kavu akitazama. Na kwa kuwa hakuna mahali pa salama kamili, kwenda zahanati kupimwa na kumeza dawa ya kichocho kuwe desturi ya mwogeleaji, si aibu.

Tena ziwa lenyewe halikai pale pale. Wabelgiji walipojenga ngome yao Karema mwaka 1879, waliijenga karibu na maji. Muda si mrefu maji yalishuka, baada ya Mto Lukuga upande wa Kongo kufungua njia, na ngome ikaachwa mbali na ufuko. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena, yakameza fukwe na vibanda. Kwa hiyo mtu mzima arudipo pale alipojifunzia utotoni huenda akakuta shamba, au visiki vilivyozama. Na ni wajibu wa kundi, kila msimu, kupima kina kwa upondo kabla ya mtu yeyote kupiga mbizi.

Nafasi nayo husingiziwa sana. Mvuvi wa dagaa hukesha na taa zake usiku wa giza, na mchana hulala. Lakini mbalamwezi ikikomaa dagaa hawafuati taa, naye hubaki nyumbani siku kadhaa ambazo zingetosha kabisa kwa tafrija ya kuogelea. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nafasi iliongezeka, ingawa miezi hiyo ndiyo ya upepo mkali wa kusini, ambao humlazimu mwogeleaji kutangulia kabla haujavuma.

Kizuizi kigumu kupita vyote ni haya, na humwelemea mwanamke zaidi. Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje ulianza kuwafundisha wasichana kuogelea kwa kuwapa walimu wa kike na mavazi ya kufunika mwili mzima. Haya haikutukanwa, ilipewa staha yake, na wasichana wakaelea. Wanawake wa Karema wanashuka ziwani pamoja tayari: huyu kafunga kitenge kifuani anasugua sufuria kwa mchanga, yule anafua, na mtoto pembeni amekumbatia dumu tupu anapiga miguu. Jamaa imekwisha kutimia. Kilichobaki ni kukubaliana kwamba, vyombo vikishatakata, akina mama nao wana haki ya nusu saa ya maji.

Yupo atakayesema kwamba kuogelea huku ni anasa. Lakini Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka 2021. Na kijiji ambacho watu wazima wake wameusahau ustadi huu huwaachia watoto kazi ya kuokoana, ilhali mtoto hana nguvu wala busara ya kujua kwamba dumu lililofungwa kamba, likirushwa kutoka ufukoni, hufaa kuliko kumrukia anayezama.

Kwa kuwa Karema sasa ina bandari mpya, na vyombo vya injini vitazidi kupita, Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika na serikali ya kijiji zitenge kipande cha ufuko kwa waogeleaji, kiwekewe maboya, na vyombo vikatazwe kukikatiza. Gharama yake ni kamba na madumu. Lakini wakazi wasikae wakingoja tangazo: watu watatu wakiagana saa, nalo kundi limezaliwa, na ombi lao mbele ya mkutano wa kijiji litakuwa na uzito ambao malalamiko ya mtu mmoja hayawezi kuupata.